Sura ya Sita: Mashine ya Treki Nne

Mwanzoni mwa mwaka 1982, katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, Bruce Springsteen alijifungia chumbani na gitaa, harmonika na kimashine alichotafutiwa na fundi wake wa magitaa, Mike Batlan. Alikuwa amechoka kuingia studio na bendi nzima, saa zinahesabiwa na pesa inakwenda, halafu ndipo agundue kwamba wimbo wenyewe haujaiva. Akamwomba Batlan amtafutie chombo cha kunasia mawazo nyumbani, kilicho bora kidogo kuliko redio kaseti. Batlan akaja na TEAC 144, mashine iliyokuwa ikila kaseti ya kawaida, ile ile ambayo huku kwetu ilibeba taarabu, mawaidha na salamu za ndugu walio ughaibuni.

Maiki zilikuwa mbili, Shure SM57, aina ambayo hata leo utaikuta imeelekezwa kwenye amplifaya ya gitaa katika ukumbi wowote wa dansi. Springsteen aliimba na kupiga gitaa kwa mpigo mmoja, na hapo treki mbili zikawa zimekwisha. Zikabaki mbili: moja ya harmonika au gitaa la ziada, nyingine ya sauti ya kuitikia, tari au chochote wimbo ulichodai. Kisha akazichanganya zote nne kuwa mbili, akazipitisha kwenye Echoplex, mashine ya mwangwi, na kuzimimina kwenye redio kaseti ya Panasonic iliyowahi kuzama majini na kufufuka.

Kaseti iliyopatikana ilikaa mfukoni mwake bila hata kasha. Bendi ikaitwa studio New York ili nyimbo zirekodiwe upya kwa vyombo kamili. Baadhi zilikubali. "Born in the U.S.A." ilikuwa humo humo kwenye kaseti, na ilipokabidhiwa bendi ikapata maisha yake. Nyingine ziligoma. Kila zilipopigwa kwa nguvu zilipungukiwa na kitu, mpaka ikaamuliwa kwamba kaseti ile ile ndiyo itakayokuwa albamu. Mafundi wa kukata santuri walihangaika nayo sana, maana sauti ilikuwa imerekodiwa chini na kanda haikuwa safi, lakini hatimaye Nebraska ilitoka Septemba 1982.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi ili kuthibitisha kwamba vifaa si kitu, kipaji ndicho kila kitu. Ukimsimulia kijana asiye na hela ya maiki, anafarijika, na sina ugomvi na faraja yake. Ila mimi naona mashine ilichangia sana kwenye albamu ile, na ilichangia kwa sababu ilikuwa finyu. Mtu mwenye treki mbili tu za nyongeza hana budi kuamua sasa hivi kama wimbo unataka tari au unataka sauti ya pili. Akishaamua, amekwisha. Sehemu kubwa ya sura hii inahusu uamuzi huo: jinsi teknolojia ilivyotupa nafasi ya kuuahirisha, na kuahirisha huko kumetufanya nini.

Tuifungue mashine yenyewe kwanza. Kaseti, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Philips mwaka 1963, ina utepe wenye upana usiofika milimita nne. Kwenye kaseti ya stirio, upande A hutumia nusu ya upana huo kwa mistari miwili, wa kushoto na wa kulia, na upande B hutumia nusu iliyobaki. Kwa hiyo mistari minne ya sauti ilikuwapo siku zote. Walichofanya wahandisi wa TEAC mwaka 1979 ni kuweka hedi inayoandika na kusoma yote minne kwa mwelekeo mmoja, kila mmoja kivyake, kisha wakaongeza mwendo wa kanda mara mbili, kutoka sentimita 4.76 kwa sekunde hadi karibu 9.5, ili sauti za juu zisififie. Gharama yake ni muda. Kaseti ya dakika 60 inakupa dakika 15 tu. Humo humo kwenye boksi wakaweka mixa ndogo, yenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti na kuitupa kushoto au kulia. Wakaiita Portastudio. Ilikuwa nzito kama kilo tisa hivi, na bei yake ilikuwa karibu dola 1,000, pesa nyingi kwa mwanamuziki wa mtaani, lakini senti mbele ya gharama ya studio kamili.

Treki nne, hata hivyo, hazikuwa na maana ya sauti nne tu. Watumiaji walijifunza haraka mbinu ambayo studio kubwa zilikuwa zikiitumia tangu zamani: kuhamisha. Unarekodi besi kwenye treki ya kwanza, ngoma kwenye ya pili, gitaa la kati kwenye ya tatu. Kisha unazicheza zote tatu kwa pamoja na kuzimimina kwenye treki ya nne, huku mkononi umeshika kayamba na unaipiga moja kwa moja kwenye maiki. Sasa treki ya nne ina vyombo vinne, na tatu za mwanzo ziko huru kufutwa na kutumika tena. Ukirudia mchezo huo mpaka nafasi iishe, unaweza kufikisha sehemu kumi bila sauti yoyote kuhamishwa zaidi ya mara moja. Hesabu yake ni nne, ongeza tatu, ongeza mbili, ongeza moja.

Lakini tazama kinachotokea katikati ya zoezi hilo. Ukishafuta treki tatu za mwanzo, uwiano wa besi na ngoma umefungwa milele. Kama besi ilikuwa juu mno, itabaki juu mno mpaka kiama. Na kila uhamisho unaongeza ule mlio wa shiii wa kanda, ambao Dolby iliyokuwa ndani ya mashine iliupunguza bila kuumaliza. Basi mtu alikaa na hedifoni zake, akasikiliza na kusikiliza tena, akashusha besi kidogo, akasikiliza, halafu akabonyeza. Ule muda kabla ya kubonyeza ulikuwa shule. Waliopitia humo walijua uwiano wa vyombo kwa sababu hawakuwa na njia ya kuukwepa.

Aliyelianzisha jambo lote hili, au tuseme aliyelishikilia mpaka dunia ikamsikiliza, ni mpiga gitaa Les Paul wa Wisconsin. Jina lake wengi wanalijua kutoka kwenye gitaa la Gibson, na wengine hawajui hata kama lilikuwa jina la mtu. Miaka ya 1940 alikuwa akirekodi katika gereji ya nyumba yake huko Hollywood kwa kutumia sahani: anapiga gitaa, sahani inakatwa, anaicheza sahani hiyo na kupiga gitaa jingine juu yake, sahani ya pili inakatwa, na kuendelea. "Lover", iliyotoka mwaka 1948, ilitengenezwa namna hiyo, magitaa yote yakiwa yake mwenyewe.

Kanda ya sumaku ilikuwa imekomazwa Ujerumani. Kampuni ya AEG iliionyesha mashine yake ya Magnetophon mjini Berlin mwaka 1935, na baada ya vita mwanajeshi wa Kimarekani, Jack Mullin, alirudi kwao na mashine mbili zilizokuwa zimevunjwa vipandevipande. Mwimbaji Bing Crosby, aliyechoshwa na kutangaza kipindi chake cha redio moja kwa moja, aliona kwamba hapa ndipo wokovu wake ulipo, akawapa pesa Ampex, kampuni changa ya California, watengeneze mashine kama hizo. Crosby huyo huyo ndiye aliyempelekea Les Paul mashine ya Ampex. Paul aliitazama, akaomba hedi moja ya ziada, akaifunga mbele ya zile zilizokuwapo.

Kwa hedi hiyo, kanda ilipokuwa ikipita ilisomwa kwanza, sauti ya zamani ikachanganywa na gitaa alilokuwa akilipiga muda huo, na mchanganyiko ukaandikwa upya kwenye kanda ile ile, ya zamani ikiwa imefutwa. Hakuna nakala. Ukikosea kwenye tabaka la nane, umeyaua yote saba yaliyotangulia. Les Paul na mkewe, Mary Ford, walifanya kazi hivyo nyumbani na hotelini wakiwa safarini, na "How High the Moon" ya mwaka 1951 ilikaa namba moja Marekani kwa wiki tisa. Walioisikia redioni walidhani ni kundi la waimbaji. Alikuwa Mary Ford peke yake, amejiitikia mwenyewe.

Paul alitaka zaidi. Alitaka mashine ambayo kila tabaka lingekaa kwenye mstari wake, lirekebishwe bila kugusa mengine. Hapa ndipo palipokuwa na tatizo ambalo msikilizaji wa kawaida halifikirii kamwe. Kwenye mashine ya kanda, hedi ya kurekodi na hedi ya kusoma hazikai mahali pamoja; zimepishana kwa sentimita chache. Kanda inahitaji sehemu ya sekunde kusafiri kutoka moja hadi nyingine. Mpiga gitaa akisikiliza ngoma za jana kupitia hedi ya kusoma, na gitaa lake likaandikwa kwenye hedi ya kurekodi, basi siku ya kusikiliza kazi nzima, gitaa na ngoma havitakutana. Atasikika kama mlevi, hata kama mkono wake ulikuwa sawasawa.

Suluhisho la Ampex, lililobuniwa na Ross Snyder, ni jepesi mtu akishaelezwa: wakati wa kuongeza sauti mpya, hedi ile ile ya kurekodi isome mistari iliyokwisha kurekodiwa. Kusoma na kuandika kukafanyika mahali pamoja, na kuchelewa kukatoweka. Mwaka 1957 Les Paul alifikishiwa mashine ya kwanza ya treki nane iliyojengwa hivyo, kwa dola 10,000, akaifunga nyumbani kwake Mahwah, New Jersey. Naona watu husahau hilo: mashine ya kwanza ya treki nane haikwenda studio, ilikwenda nyumbani kwa mtu. Ilichukua miaka 22 mingine bei ishuke ili nyumba za wengine nazo ziingie.

Studio kubwa zenyewe hazikuwa na haraka. The Beatles walirekodi Sgt. Pepper, iliyotoka mwaka 1967, kwa mashine za treki nne za Studer, wakihamisha kutoka mashine hadi mashine. Siku ya kurekodi okestra ya "A Day in the Life", fundi Ken Townsend alilazimika kuzifunga mashine mbili ziende pamoja kwa kutumia mlio wa hezi 50 ulioandikwa kwenye treki moja. Ilikuwa kazi ya kubahatisha, na zilifungana kwa shida.

Huku kwetu wakati huo, na kwa muda mrefu baadaye, bendi ilirekodi yote kwa mpigo mmoja. Ndivyo kazi nyingi za dansi zilivyonaswa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam: tarumbeta, magitaa matatu, tumba, waimbaji mstari mmoja, na maiki zinazohesabika. Katika hali hiyo mixa ni sakafu. Mwenye tarumbeta anarudishwa nyuma hatua mbili, mwimbaji anasogezwa mbele, na mpiga solo anajua kwamba zamu yake ikifika ni lazima apandishe gitaa mwenyewe. Akikosea mtu mmoja dakika ya sita, mnaanza upya wote. Wapo wanaosikitika kwamba hazina ile haikurekodiwa kwa treki nyingi, ili leo tuweze kuitengeneza upya na kuisafisha. Mimi sisikitiki sana. Ule mvutano unaousikia kibwagizo kinapoingia, watu kumi na zaidi wakiegemeana, ni matokeo ya kujua kwamba hakuna wa kukurekebishia kesho.

Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki, mashine ya treki nne haikupata kuwa mlango. Waliruka kutoka bendi ya mpigo mmoja hadi kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa programu ya FruityLoops, iliyoandikwa na Didier Dambrin, na mwaka 2003 ikabadilishwa jina kuwa FL Studio. Ilikuwa nyepesi, ilikubali kompyuta dhaifu, na nakala za kunakiliana zilisambaa mitaani kwa wingi kuliko zilizolipiwa. P-Funk Majani na wenzake wa Bongo Records walikuwa tayari wanaitengeneza sauti ya bongo fleva katika studio, lakini programu kama hizi ndizo zilizomwezesha kijana wa Tandika au Kariobangi kujiita prodyuza bila ruhusa ya mtu. Ngoma, besi na kinanda vyote vilizaliwa ndani ya kompyuta. Kilichobaki kuingia kwa maiki ni sauti ya binadamu tu. Studio ikawa chumba kimoja, maiki moja, na foleni ya wasanii nje ya mlango. Singeli imelisukuma jambo hilo mpaka ukingoni: kutoka Sisso Studio ya Mburahati zilitoka kazi za mapigo zaidi ya 200 kwa dakika zilizokusanywa kwenye Sounds of Sisso, albamu iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Kinachonifurahisha ni kwamba kompyuta ililirudisha tatizo la Ampex, safari hii kwa mlango mwingine. Kompyuta haipokei sauti mfululizo. Huikusanya kwa mafungu kabla ya kuishughulikia. Ukiwa umeweka fungu la vipimo 1,024, na sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila fungu ni milisekunde 23. Zidisha kwa kwenda na kurudi, na mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni akichelewa nyuma ya kinywa chake mwenyewe. Bila kujua anaanza kuvuta maneno, anakuwa mzito, na prodyuza anamlaumu kwamba hana mahadhi. Shusha fungu hadi 128 wakati wa kurekodi, au mpe msanii sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya sauti kabla haijaingia kwenye programu, na mahadhi yatarudi. Baada ya kurekodi, pandisha fungu tena ili kompyuta ipumue wakati wa kuchanganya. Nimeona vipindi vingi vikiharibika kwa kitufe hiki kimoja kuliko kwa maiki mbaya.

Kuhusu maiki, niseme la kusema nipite. Maiki za kondensa za bei nafuu zina masikio makali kuliko chumba chako. Zitanasa jogoo, bodaboda, feni, na mama jirani akimwita mwanawe aje ale. Katika chumba kisichotengenezwa, maiki ya kawaida ya jukwaani, iliyowekwa umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, mara nyingi hutoa sauti safi zaidi. Trei za mayai ukutani hupunguza kidogo sauti za juu kabisa; mwangwi wa kati na wa chini unapita kana kwamba hazipo, na kelele za nje hazizuii hata kidogo. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, blanketi nzito zilizotundikwa na kuachwa na nafasi kidogo kutoka ukutani, kabati lililojaa nguo: hivyo ndivyo vinavyofanya kazi. Mvua ikianza kupiga bati, zima mashine, mpike chai.

Na uamuzi? Hapo ndipo ninapogombana na vijana wangu. Programu haina kikomo cha treki, basi mtu anarekodi kibwagizo mara kumi na nne na kuzihifadhi zote, akisema atachagua wakati wa kuchanganya. Wakati wa kuchanganya ukifika anampelekea mwenzake, na mwenzake naye hachagui, anazipanga zote ziimbe pamoja. Wimbo unakuwa mnene na hauna mtu ndani. Siwaambii warudi kwenye kaseti. Nawaambia wachague sauti kabla msanii hajatoka mlangoni, wafute zilizobaki, na wageuze vyombo vya kompyuta kuwa sauti ya kawaida mapema ili wasiendelee kuvichokonoa. Wachache hukubali. Wengi hunakili kila kitu kwenye diski ya pembeni kwanza, halafu ndio wanafuta.

Mashine za treki nne zenyewe bado zinauzwa mitumba, na bei yake imepanda kwa sababu waimbaji wachanga wa Ulaya na Marekani wameanza kuutafuta ule mlio wa shiii ambao wazee wao waliukimbia. Huku zipo chache, zaidi kwa watu waliorudi nazo kutoka ng'ambo. Ukikuta kaseti ya aina hiyo kwenye mzigo wa marehemu mjomba na kuiweka kwenye redio ya kawaida, utasikia treki mbili tu zikienda nusu mwendo, nzito kama za jitu. Ukiigeuza, treki mbili nyingine zitacheza kinyumenyume. Usiitupe, haijaharibika. Irekodi kwenye kompyuta upande wa kwanza, kisha wa pili. Upande wa pili ugeuze uende mbele, zote zizidishie mwendo mara mbili, halafu zilinganishe. Hazitakaa sawa mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mwendo wa redio hauko thabiti. Tafuta pigo moja la ngoma linalosikika kwenye treki zote, lifungie hapo, na usogeze kidogo kidogo kila baada ya beti.